Ndoo Chini ya Kiyoyozi

Nimefika Ruwi saa saba mchana, mwezi wa Julai,
joto likanipokea mlangoni kama mwenye nyumba
anayedai kodi.
Chumba cha Baba kiko ghorofa ya tatu, juu ya duka la cherehani.
Ufunguo nimepewa na Rafiqul, mtu wa Chittagong,
aliyelala kitanda cha pili kwa miaka kumi na mmoja
na ambaye Kiswahili chake chote ni “Bwana asifiwe”
na “lete spana”.

Fundi Zefania Mghanga.
Miaka ishirini na sita akipanda mapaa ya watu
kutafuta baridi inavujia wapi.
Alikuja Wundanyi kila baada ya miaka miwili,
akaniwekea kiganja kichwani kunibariki,
nami nikahesabu makovu ya vidole
nikasahau kusema amina.

Huku Jumapili ni siku ya kazi.
Basi aliabudu Ijumaa:
adhana ikiita upande huu, yeye akielekea upande ule
na shati jeupe alilolinyoosha chini ya godoro.
“Mungu hana kalenda ukutani,” aliniambia nilipomcheka.
“Mimi ndiye ninayo. Ya kampuni ya saruji.”

Ninayo mkononi sasa, hiyo ya saruji,
na nyingine kumi na tano zilizofungwa kwa waya.
Nyuma ya kila mwezi, kwa penseli:
Rafiqul, goti.
Mkamburi, hesabu za darasa la nane.
Bi Thuraya, macho yote mawili.
Msimamizi, ulimi wake, Ee Bwana, na wangu pia.
Halafu Wakesho.
Mbele ya jina langu hakuandika ombi lolote.
Wakesho, Machi. Wakesho, Aprili.
Wakesho, miaka mitano mfululizo,
ile miaka niliyokataa simu zake
kwa sababu hakuja kumzika Mama.
Alituma pesa za jeneza, na zaburi.
Zaburi niliichana.

Leo Rafiqul anaonyesha kwa mikono:
pasipoti, sanduku la chuma, tajiri, kufuli.
Kisha anapandisha mabega, hana maneno zaidi.
Naketi juu ya kitanda. Kinalia kama mbuzi.

Mwanangu Mwadime hakuwahi kumgusa.
Babu yake alikuwa paji la uso ndani ya kioo,
maana Baba hakujua kushika simu ikamwonyesha mzima.
Alhamisi usiku, kwa simu ya mume wangu,
paji hilo lilimsimulia habari za Yona
na kunguruma kwa niaba ya samaki.
Mimi nilikuwa jikoni.
Nilizima jiko ili nisikie.
Nilipomwambia mtoto kwamba Babu hayupo tena,
aliuliza: “Chaji imemwishia?”

Alasiri anapanda Bi Thuraya, akipumzika kila ngazi ya tano,
na birika la kahawa, na halwa kwenye kibakuli.
Kazaliwa Ng’ambo, Unguja, na ulimi wake haujahama.
“Pole, mwanangu. Baba’ako akinitilia gesi, hataki hata baisa.
Ananambia, bibi, niombee tu.
Basi mie nikimwombea kwa dua zangu,
naye akiniombea kwa zake.
Macho yamepona moja.
Sijui la nani.”
Tunacheka, na kicheko kinanigeukia kooni;
ananishika kifundo cha mkono, hasemi kitu,
mpaka kahawa imepoa.

Jioni napanga vitu vyake: geji ya shinikizo,
miwani yenye uzi, Biblia ya Kidawida isiyo na jalada,
viatu vya watoto, jozi mbili, saizi ambayo Mwadime
aliipita mwaka juzi.

Kiyoyozi chake mwenyewe kinavuja.
Rafiqul ananivuta hadi kwenye ndoo,
kisha juu ya paa, kwenye kopo la samli
lenye rehani, imeinamisha vichwa.
Kumbe maji haya, tone kwa tone, usiku kucha,
alikuwa akiyapandisha huku kila alfajiri.
Nabeba ndoo. Ni nzito kuliko nilivyodhani.
Namwagia taratibu, harufu inainuka,
na mdomo wangu, bila kuniuliza,
unataja majina: Rafiqul, goti.
Bi Thuraya, jicho lililobaki.
Zefania.
Nasita hapo.
Mbele yake siandiki kitu.